Oslo mpaka Bergen kwa gari siku moja, mimi na Mama yangu kutoka Mbulu (uzi mrefu, na picha nimeelezea kwa maneno)

nyotayaHaydom (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Kila mara humu mtu akiuliza kuhusu Norwei anajibiwa fjord (ile mikono ya bahari iliyoingia kati ya milima), meli, taa za kijani za angani basi. Mimi naishi Oslo mwaka wa sita sasa na nataka niongelee mashamba, yaani nchi yenyewe inayopita dirishani ukiwa barabarani kutwa nzima, kwa sababu mwaka jana mwishoni mwa Juni nilimpakia Mama tukaenda Bergen kumwona mdogo wangu anayesoma kule na ile siku naikumbuka kuliko safari zote nilizowahi kufanya.

Kwanza mjue Mama ni nani. Ni mkulima na mfugaji wa Mbulu, Tanzania, Mwiraqw, Mlutheri wa KKKT, na mimi alinizalia Haydom, ile hospitali ya wamisionari wa Kinorwei iliyoanza 1955. Kwa hiyo Wanorwei aliwajua kabla hajapanda ndege, aliwaona wakiwa na makoti meupe tangu binti. Ila nchi yao alikuwa hajawahi kuiona. Mjini Oslo alikaa wiki mbili akaniambia mwanangu hawa watu wanakula nini, mbona sioni shamba? Nikasema sawa, nitakupitisha barabara ya E16.

Njia ziko kadhaa. Ipo ya Hemsedal, ipo ya Hardangervidda, na ipo E16 inayopita eneo la Valdres na mlima Filefjell ambayo ni kama km 500 na kidogo. Nikachagua hii ya tatu maana ndiyo yenye vijiji vingi na haina pantoni hata moja. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi na jua lilikuwa juu zamani, Juni hapa hata usiku wenyewe haukolei giza. Gari nilikodi la umeme, ndiyo magari ya huku siku hizi, mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa Norwei yalikuwa ya umeme.

Ukishapita Sandvika unapanda Sollihøgda, unashuka Hønefoss, halafu mji unakwisha kabisa. Unaingia bonde la Begna, mto upo pembeni muda wote, misonobari, halafu uwazi wa kijani, nyumba nyeupe, banda jekundu, halafu misonobari tena. Mama alikuwa kimya kama nusu saa nikadhani kalala, kumbe anahesabu. Akasema kila boma lina banda kubwa kuliko nyumba ya watu, hawa wanapenda ng'ombe. Nikacheka kwa furaha maana ni kweli, lile banda ndiyo moyo wa shamba la Kinorwei. Na akaona kitu ambacho mimi miaka yote nimepita sijakitilia maanani, kwamba nyuma ya banda kuna daraja la udongo na mawe linapanda mpaka ghorofani. Akaniuliza la nini. Tulivyosimama Fagernes kuchaji nikamuuliza mzee mmoja akatueleza, zamani mkokoteni wa nyasi ulipandishwa na farasi mpaka juu, nyasi zinahifadhiwa ghorofani halafu miezi yote ya baridi unazidondosha chini kwa ng'ombe bila kutoka nje kwenye theluji. Mama akasema huyu aliyebuni hivi alikuwa amechoka kubeba.

Na yale marobota meupe ya nyasi yaliyofungwa plastiki yametapakaa mashambani, Mama akayaita mayai. Amini usiamini Wanorwei wenyewe wanayaita mayai ya trekta, traktoregg, kabisa. Nilimwambia akafurahi sana.

Naendelea chini, ngoja nile.

---

Msafiri_Tabora

Mkuu endelea tupo. Hapo kwenye kuchaji, gari inafika kweli milimani huko au unazimikia porini?

nyotayaHaydom

Inafika. Oslo hadi Fagernes ni kama km 185, nilianza na betri imejaa nikafika na akiba ya kutosha. Ukipanda mlima inakula sana, ila ukishuka mota inarudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo ukiona asilimia zinaporomoka Filefjell usiogope, upande wa pili unashuka karibu mita elfu moja mpaka usawa wa bahari. Chaja zipo kila mji mdogo. Nilichaji mara mbili tu, Fagernes na Flåm, na zote tulikuwa tunakula kwa hiyo sikupoteza muda.

Haya tuendelee. Baada ya Fagernes unafuata maziwa, moja linaisha lingine linaanza, la mwisho kubwa linaitwa Vangsmjøse na barabara imebanwa kati ya maji na jabali. Hapo ndipo Mama alipopiga kelele simamisha gari. Nikashtuka nikadhani anaumwa. Anaonyesha kidole nyumba ya zamani ya magogo yenye majani yanaota juu ya paa, majani kabisa na maua. Akasema hii si tembe?

Wasiojua, tembe ni nyumba yetu ya asili Wairaqw, paa lake ni udongo, nyingine ilichimbiwa ubavuni mwa mlima mpaka ukiwa kwa nyuma huoni kama ni nyumba. Hizi za Norwei chini ya udongo wanatandika magamba ya mti wa birch, magamba yale hayapitishi maji, halafu juu ndiyo tabaka za nyasi na mizizi yake. Uzito wa udongo unakandamiza magogo yanakaa imara na joto halitoki. Mama alishuka akaizunguka ile nyumba, haikuwa na mtu, akawa anagusa pembe ambapo magogo yanapishana. Kando yake kulikuwa na ghala dogo limesimama juu ya miguu ya mbao, stabbur wanaita, lipo juu ili panya wasipande na unyevu usiingie kwenye chakula. Hilo hakuuliza, alisema tu hiki ni kihenge.

Wakuu mimi nimesoma huku, nimekaa huku, hizo nyumba nimeziona kwenye kalenda mpaka basi. Sikuwahi kuziona mpaka Mama alipozitafsiri.

---

kijana_wa_Kibaha

Uzi mtamu huu. Mimi nimesoma Kibaha Sekondari na wengi hawajui ile shule na Shirika zima la Elimu Kibaha ilianzia kwenye mradi wa nchi za Nordiki miaka ya 60, Norwei, Sweden, Denmark na Finland. Hizi nchi tuna historia nazo ndefu ila tunazijua kwa majina ya miradi tu. Endelea dada.

dadawaDalarna

Nipo Sweden upande wa Dalarna na nakubaliana na wewe asilimia mia, ukitaka kuijua hii sehemu ya dunia toka mjini. Kuhusu mabanda mekundu, rangi ya huku asili yake ni mgodi wa shaba wa Falun, mabaki ya udongo wa mgodi yana madini ya chuma wakayafanya rangi, ni nafuu na inalinda mbao. Mgodi ulifungwa 1992 ila rangi bado inatengenezwa mpaka leo. Halafu naomba niongeze tahadhari: elg. Ni mnyama mkubwa wa msituni, umbo kama pofu ila miguu mirefu zaidi na dume ana pembe pana kama sinia. Anavuka barabara alfajiri na jioni, na kwa sababu ni mrefu gari likimgonga miguu mwili wote unakuja kwenye kioo chako. Ukiona alama ya pembe tatu yenye elg punguza mwendo kweli, hawajaiweka pale kwa mapambo.

nyotayaHaydom

Asante dada kwa hilo, ni muhimu mno. Na huku ongeza kondoo, kipindi cha joto wanaachiwa wenyewe milimani wanalala katikati ya lami kwa sababu lami ina joto, wana kengele shingoni.

Naomba sasa niwaelezee kituo ambacho kwangu ndiyo safari nzima.

Kabla ya kilele cha Filefjell tuliona kibao cha jibini tukakata kona barabara ya vumbi. Ni støl. Støl ni kambi ya kiangazi, mifugo inapandishwa mlimani Juni inakula majani mabichi ya juu, maziwa yanasindikwa palepale siagi na jibini, na ya bondeni yanaachwa yakue yakatwe kwa ajili ya baridi. Valdres ndiyo eneo lenye støl nyingi zinazofanya kazi mpaka sasa, na Desemba 2024 UNESCO waliuingiza huu utamaduni kwenye orodha yao, Norwei pamoja na Sweden. Mama hakuhitaji maelezo, alisema hata babu yake alihamisha ng'ombe kwa majira.

Mwenye støl alikuwa mama mtu mzima, umri kama wa Mama. Mikono ileile. Mimi nikawa mkalimani katikati, Kinorwei kuja Kiswahili na Mama akizidiwa anaingiza Kiiraqw, na hawa wawili hawakuwa na muda na mimi kabisa. Ng'ombe wangapi? Wanatoa lita ngapi? Ndama unamtenga lini? Chumvi unawapa? Anapozaa usiku unafanyaje? Walienda mpaka zizini Mama akamshika ng'ombe kiwele akatingisha kichwa kukubali.

Halafu Mama akauliza, shamba hili la mume wako? Yule mama akasema hapana, la kwangu, mimi ndiye mtoto wa kwanza. Akaeleza kuna sheria inaitwa odel, ya zamani sana, mtoto wa kwanza ana haki ya kwanza kurithi shamba la ukoo, na zamani mvulana alikuwa anamruka dada yake hata kama kazaliwa baadaye, ila sheria ya 1974 ikabadilisha wakawa sawa kwa waliozaliwa kuanzia 1965. Na ukirithi unatakiwa uishi shambani, huruhusiwi kuliacha tu likae pori.

Nilivyotafsiri hilo Mama hakujibu. Mama ni mtoto wa kwanza. Kwao walikuwa saba na babu alipofariki mashamba waligawana wajomba, yeye na dada zake hawakupata hata kipande na hakuna aliyewauliza. Hajawahi kulilalamikia mbele yetu. Pale alikaa kwenye benchi la mbao akakunja mikono, akauliza swali moja tu, wakaka zako hawakukasirika? Yule mama akafikiri, akasema mmoja alikasirika kidogo, sasa anakuja kila Julai kusaidia kukata nyasi.

Tulikaa karibu saa nzima. Tukinunua jibini, yule mama akachukua kengele ya mbuzi iliyokuwa imetundikwa ukutani, ya shaba, imechakaa, akampa Mama. Hakutaka hela.

---

otieno_wa_barabara

Hapo kwa odel umenigusa kabisa, hata huku kwetu mambo ya shamba na wasichana bado ni shida ingawa sheria ipo. Sasa swali, hii barabara winter inapitika? Na mimi naskia watu wakisema treni ya Oslo Bergen ndiyo poa zaidi, kwa nini ujichoshe na steering masaa yote hayo?

nyotayaHaydom

Kaka Otieno, baridi inapitika, Filefjell ndiyo njia tegemeo kati ya Oslo na Bergen, ila tairi za baridi ni lazima na dhoruba ikizidi wanaendesha kwa msafara, kolonne, mnasubiri kwenye geti halafu mnaifuata gari ya kusukuma theluji kwa mstari, hakuna kumpita mwenzio. Hali ya barabara unapiga 175 wanakwambia, au tovuti ya Statens vegvesen, mamlaka yao ya barabara. Mtu mgeni sikushauri baridi.

Treni ni nzuri, nimeipanda, ile reli imefunguliwa 1909 na inapanda mpaka Finse mita 1222 juu ya bahari, ukitaka kupumzika chukua hiyo kabisa. Lakini treni haisimami ukiona tembe. Hilo ndilo jibu langu lote.

Baada ya Filefjell unashuka bonde la Lærdal na tukasimama Borgund, kanisa la mbao la tangu karibu mwaka 1180. Nchi nzima yamebaki 28 tu ya aina hii. Ni jeusi kwa lami ya misonobari, paa juu ya paa, na kwenye ncha kuna vichwa vya majoka vimechongwa. Mama mwanzoni majoka yalimkwaza, akauliza kanisa gani hili. Ndani kuna giza, harufu ya moshi na lami, hamna mabenchi kama ya kwetu, na ukutani watu wa zamani wamechora maandishi ya rune, herufi za kale za huku, kwa kisu. Lilijengwa enzi za Ukatoliki, Ulutheri ulikuja baadaye sana mwaka 1537. Mama akasimama katikati akaimba ubeti mmoja wa tenzi taratibu. Watalii wawili wakavua kofia. Sitasema zaidi.

Halafu handaki. Lærdal ndilo handaki refu la barabara kuliko yote duniani, km 24.5, lilifunguliwa 2000. Unaingia mlimani na unaendesha kama dakika 20 ndani ya jiwe. Wasanifu walijua mtu atachoka akili, kwa hiyo kila baada ya km 6 hivi wamechimba pango pana lenye taa za bluu na chini yake manjano, kama kunakucha. Yapo matatu. Mama alikuwa ananihesabia. Ushauri wangu hapo: taa washa (Norwei taa ni lazima hata mchana), acha nafasi na gari la mbele, na kama unaogopa sehemu zilizofungwa mwambie mwenzako mapema, siyo mkiwa katikati. Njia mbadala kiangazi ni ya juu, Aurlandsfjellet, inafungwa kipindi cha baridi na ndiyo maana handaki likachimbwa.

Sisi tulipita chini halafu tukatokea Aurland tukapanda ile ya juu kwa upande wa pili, kona kali na barabara nyembamba kiasi kwamba mkikutana na basi mmoja anarudi nyuma. Stegastein ni jukwaa la mbao na chuma limetokeza mita 30 hewani, mita 650 juu ya maji. Fjord ile ni tawi la Sognefjord ambayo ina urefu wa zaidi ya km 200. Watu wanapigana vikumbo kupiga picha. Mama alitazama dakika mbili, akasema pazuri, akauliza juu kuna nini. Tukaendelea kupanda mpaka miti ikaisha na kando ya lami kukawa na kuta za theluji, Juni hiyo! Akaichukua mkononi, akailamba, akanipa na mimi kama vile mtu anavyokupa muwa.

---

Msafiri_Tabora

Aisee. Hapo kwenye tenzi nimesimama kidogo. Gharama jamani? Na polisi?

nyotayaHaydom

Gharama siwadanganyi, Norwei ni ghali, chakula cha mgahawani ndiyo kinaumiza kwa hiyo sisi tulibeba chapati, mayai na chai kwenye chupa, na kila baada ya mwendo kidogo kuna sehemu ya kupumzika yenye meza na choo cha bure. Tozo za barabara hakuna kusimama, kamera inasoma namba ya gari bili inakuja baadaye kupitia waliokukodisha, waulize kabla. Polisi huwaoni ila kamera zipo, mwendo ni 80 nje ya vijiji na 50 ndani, faini ni maelfu ya krona. Pombe hata chupa moja ya bia usijaribu, kiwango chao ni promili 0.2, yaani sehemu 0.2 ya kilevi kwa kila elfu ya damu. Leseni ya kimataifa itafute ukiwa nyumbani.

Namalizia njia. Flåm tulichaji tu, panajaa watu wa meli. Kati ya mahandaki mawili ukikata kona unashuka Undredal, kijiji kidogo ambacho mpaka 1988 kilifikika kwa mashua tu, mbuzi ni wengi kuliko watu. Pale ndipo penye jibini la kahawia la mbuzi, wanachukua yale maji yanayobaki ukishatoa jibini nyeupe wanayachemsha masaa na masaa mpaka sukari ya maziwa inaungua kidogo. Mimi miaka yote silipendi. Mama alikula nusu kipande akafunga kilichobaki kwenye leso cha kupeleka nyumbani.

Kutoka Gudvangen mpaka Voss ni mashamba ya kuning'inia, maporomoko ya Tvinde yapo palepale barabarani, tukanawa uso. Baada ya Voss nikachoka kweli, mahandaki ni mengi na mafupi, giza mwanga giza mwanga, nikasimama mara mbili kulala dakika kumi kumi. Msione aibu kulala. Tuliingia Bergen saa tano kasoro usiku bado kuna mwanga wa kusoma gazeti, mdogo wangu kasimama nje ya bweni amevaa koti la mvua, maana Bergen ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Mama hata shikamoo hakuisubiri, akaanza kumsimulia habari za yule mama wa støl.

---

dadawaDalarna

Na kengele je? Ilivuka uwanja wa ndege?

nyotayaHaydom

Ilivuka, aliiweka kwenye begi la mkononi akaifungia na soksi isilie. Juzi mjomba wangu mkubwa kanitumia video ya mbuzi wa Mama wakirudi jioni, kengele inalia, na nyuma unamsikia mjomba mwenyewe anamuuliza Mama, hebu nieleze tena ile sheria yao ya mashamba.